Picha Iliyobaki Mashine ya Tatu

Tiki. Tiki. Tiki.

Alfajiri, giza bado limejaa chumbani, Bitutu alisikia sauti hiyo ndogo ya bati chini ya blanketi. Akapapasa, akakuta vidole vya Kezia, binti yake wa miaka minne, vikifungua na kufunga kilango cha disketi ya kompyuta.

"Wacha, mama. Utaiharibu."

"Si ulisema baba yuko ndani?"

Bitutu aliichukua, akaitia kwenye bahasha. Ni kweli alisema hivyo. Mumewe Mogire alikuwa mtu wa kukwepa kamera, na alipofariki uso wake ulibaki mahali pamoja tu: kwenye kitambulisho. Nacho kitambulisho cha marehemu hurudishwa serikalini ndipo upewe cheti cha kifo. Siku moja kabla ya kukirudisha, Bitutu alikipeleka kwa mwalimu Okemwa, aliyemfundisha kompyuta jioni hapo Migori, Bitutu akishafunga kibanda chake cha nguo. Wakakipitisha kwenye skana. Muhula mzima akatengeneza ukurasa wa mtandao wa kumkumbuka: picha kushoto, maneno kulia, ndani ya jedwali alilolipanga na kulipangua mpaka likakaa sawa.

Leo ungefunguliwa Homa Bay, kwa wifi yake Emmaculate, karani wa ofisi ya parokia. Dada wa marehemu alikuwa hajauona bado. Wala Kezia.

Saa nne wakawa mbele ya kompyuta ya parokia. Ukurasa ukafunguka. Maneno yalikuwepo, yamejikunyata upande mmoja. Kushoto, pale pa Mogire, palikuwa na kisanduku kitupu chenye alama nyekundu ya kosa.

"Labda inachelewa," Emmaculate akasema.

Wakangoja. Wakaufunga, wakaufungua tena. Kisanduku ni kile kile.

Bitutu akamgeukia mtoto. "Si nilikuambia usichezee? Umeona sasa?"

Kezia akaficha mikono nyuma.

"Pole pole, wifi. Angeiharibu, hata haya maneno yangekataa. Pigia mwalimu wako, simu iko hapo."

Okemwa hakuuliza mengi. "Nisomee mstari wa picha. Usiruke hata nukta."

Bitutu akafungua upande wa ndani wa ukurasa, ule wenye amri. "C, nukta mbili, mkwaju, Bitutu, mkwaju, Mogire..."

"Basi, simama hapo. Mama Kezia, C ni tumbo la mashine ya huku. Kwenye disketi umeweka ukurasa peke yake. Umeupeleka Homa Bay, halafu unauambia picha iko Migori, uende ukaichukue."

"Lakini kila jioni ilikuwa inaonekana!"

"Kila jioni ulikuwa unakaa hapo hapo."

Ndiyo ilikuwa sheria ya darasa, kila mtu na mashine yake. Ya Bitutu ilikuwa ya tatu, karibu na dirisha. Na sheria ya pili ikamjia kichwani: muhula ukifungwa, mashine hufutwa zote kwa ajili ya wanafunzi wapya.

"Mwalimu, mmeshafuta?"

"Kijana wangu Mniko alianza asubuhi. Ya kwanza, ya pili..."

Huko Migori simu ikagonga meza. Bitutu akasikia viatu vikikimbia, kiti kikianguka, kisha kwa mbali: "Mniko! Toa mkono hapo!" Emmaculate alianza Salamu Maria, akaikatiza katikati.

Okemwa akarudi akihema. "Iko. Alikuwa amebakisha kitufe kimoja. Ananiuliza mbona napiga kelele kama nimeona nyoka. Njoo na disketi, na huyo mtoto umlete."

Bitutu alipiga magoti, akaivuta mikono ya Kezia kutoka mgongoni. "Si wewe. Ni mama alikosea."

Lakini njia nzima mpaka Migori Kezia alikunja mikono kwapani, asiguse kitu.

Jioni Bitutu aliketi kwenye mashine ya tatu. Akainakili picha kwenye disketi, kando ya ukurasa. Akafuta ile njia ndefu ya C, akabakisha jina la picha peke yake. Akataka kuufungua.

"Sio hapo," Okemwa akasema. "Hiyo imekuzoea. Jaribu ya kwanza. Mniko ameipangusa mpaka haimjui mtu."

Wakahamia ya kwanza. Bitutu akampa Kezia disketi.

Mtoto akasita.

"Weka wewe, Kezia. Polepole."

Kezia akaisukuma, akarudisha mikono kwapani. Mashine ikakoroma. Maneno yakatangulia, kisha kushoto picha ikaanza kushuka mstari kwa mstari: nywele, paji la uso, macho yale yaliyokuwa yakimtazama mpiga picha wa serikali bila kucheka. Bitutu alishika ukingo wa meza.

Kezia akaitoa mikono kwapani, akajishika pande zote mbili za kichwa.

"Baba ana masikio kama yangu," akasema.