Hofrat wa Jumanne

Jumanne ya tatu mfululizo, yule mzee wa koti la kijivu alisimama tena nyuma ya kundi, daftari mkononi. Roswitha Zehetner, aliyekuwa akitembeza wageni mjini Vienna mwaka wa kumi na tisa sasa, alimtupia jicho la pembeni. Nani huyo wa kulipia matembezi yale yale mara tatu?

Asubuhi hiyo alikuwa amemwona mkahawani. Mhudumu alimwinamia akamwambia, "Kahawa yako, Herr Hofrat." Herr Hofrat, yaani bwana mshauri mkuu wa serikali. Roswitha alijua fika kwamba wahudumu wa mji wake humvika cheo yeyote mwenye bakshishi nono. Lakini mwenye hatia haishi wasiwasi. Hadithi yake iliyopendwa kuliko zote, ya mwokaji mikate aliyekuta tufe la mzinga wa Waturuki waliouzingira mji zamani, ndani ya tanuri lake, akaliuza kwa kilo, aliitunga mwenyewe siku moja ya mvua. Wakubwa wa serikali wakijua, watamvua beji ya kutembeza wageni. Na bila beji, umri huu, nani atamwajiri?

Wakafika kwenye nyumba yenye tufe la chuma ukutani. Mzee akafungua daftari. Roswitha hakuweza tena kuvumilia.

"Herr Hofrat, tusizungushane. Najua kilichokuleta. Mwokaji hakuwepo, nilimtunga mimi siku moja ya mvua. Haya, andika."

Mzee akamkodolea macho. "Hofrat gani, bibie? Mimi ni Nemecek. Nimeendesha tramu mpaka nikastaafu."

"Na hilo daftari?"

"Wenzangu kule nyumba ya wazee miguu imewagomea. Nikirudi nawasimulia niliyosikia. Wanampenda mno huyo mwokaji. Sasa leo nikawaambie nini?"

Roswitha alitamani ardhi ipasuke immeze. Amejiponza kwa mdomo wake mwenyewe, tena mbele ya watu kumi na wawili.

"Ala, kumbe," akasema mama mmoja aliyetoka Graz na mumewe. "Na yale ya makaburi ya wafalme?"

"Yale ni kweli."

"Mh. Haya."

Njia nzima walinong'onezana. Mbele ya kanisa kuu la Mtakatifu Stefano, Roswitha akawaonyesha vyuma viwili virefu vilivyopachikwa kando ya mlango.

"Hivi vilikuwa vipimo vya kitambaa," alisema. "Ukihisi mwuza nguo amekupunja, unakuja kupima hapa."

Ilikuwa kweli tupu. Hakuna aliyepiga picha. Mama wa Graz alikigusa chuma kimoja kwa ncha ya kidole, akacheka puani.

"Na hivi navyo, mama, ulivitunga siku ya mvua au ya jua?"

Watu wakaangua kicheko. Roswitha akageuka kumtafuta Nemecek, angalau yeye amtetee. Mzee alikuwa ameinama mlangoni, anavipima vile vyuma kwa shibiri zake.