Asani Hakunywa Pombe

Citoyen Kapya alisema msibani, mbele ya watu wote, beji ya chama tawala ikimetameta kifuani: "Inasikitisha, lakini dereva alikuwa amelewa."

Asani, mume wa Rabia, alikuwa Mwislamu aliyeshika dini yake. Pombe hakuwahi kuionja. Lori lake la mawe ya shaba lilipinduka mteremkoni kwa sababu breki hazikushika, na Kapya, mwenye malori, alikuwa ameambiwa kabla ya safari. Rabia aliinuka amjibu. Jirani zake wa mtaa wa Kamalondo wakamshika mikono, wakamkalisha. Zaire ya miaka ile wote waliitwa citoyen, yaani raia, lakini mtu wa chama hakujibiwa.

Tangu siku hiyo sauti ya Kapya ikahamia kichwani mwa Rabia. Aliamka nayo. Alikaanga mikate ya kuuza huku akimjibu kimoyomoyo, akimtukana, mpaka mafuta yakatoa moshi na mikate ikaungua. Asubuhi moja binti yake, Mawazo, alimwaga maji kidogo mlangoni. Rabia akamzaba kofi lililomwangusha.

"Mama Mawazo!" Alima, mama wa Asani, alimnyakua mtoto. "Ulikuwa unapiga nani?"

Rabia aliinama akayafagia yale maji. Wote wawili walijua.

"Hata kwangu anakuyaka, ule Kapya, anaingia mu kichwa," Alima alisema. "Akikuya, ninakaa chini. Ninasikia miguu yangu ku udongo. Ninavuta pumzi pole pole, ninasikiliza makaa, fagio ya jirani, yote iko karibu. Kisha ninaita mutoto wangu. Hapana vile alikufa. Vile alikuwa."

"Unataka nimusamehe Kapya?"

"Nani amesema kusamehe?" Alima alifoka. "Hasira yangu iko! Lakini wewe unawaza Kapya asubuhi mpaka magaribi. Bwana yako unamuwaza wakati gani?"

Maneno hayo yalimchoma Rabia. Alijaribu kuiona sura ya mumewe, ikaja ya Kapya. Kumbe hata hiyo alikuwa ameibiwa! Alipokanda unga alijilazimisha kuusikia viganjani, ubaridi wake, jinsi unavyovutika. Kapya akaja. Hakumjibu, alirudi kwenye unga na pumzi yake. Siku nyingi zilipita hivyo, na mara nyingi alishindwa, akajikuta anatukana tena.

Kisha asubuhi moja Asani akaja. Alikuwa anatoka shambani Kasungami, mvua inanyesha, Mawazo mabegani, kitenge cha Rabia amejifunga kichwani, anasalimia majirani kwa sauti ya kike. Rabia alicheka peke yake juu ya unga, kisha akalia.

Hasira haikuondoka. Ila sasa haikumtupa huku na huko. Siku aliyojiona yuko tayari, alibeba beseni la mikate hadi kwenye uwanja wa malori. Madereva walikuwa wamekusanyika wakingoja kutumwa. Kapya alitoka ofisini.

Rabia alisimama mbele yake. Aliisikia miguu yake mwenyewe ardhini, akavuta pumzi, akamwita Asani.

"Citoyen Kapya," alisema, na sauti haikutetemeka, "Asani hakunywa pombe. Breki zilikuwa mubaya. Alikuambia, nawe ukamutuma."

"Mama, nenda nyumbani."

"Alikuambia," dereva mmoja, Mwaba, alidakia. "Nilikuwa pale."

Madereva wengine wakaanza kunung'unika. Kapya aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamnyooshea Rabia kidole. "Utajibu ku chama!"

Siku ile madereva waligoma, hakuna lori lililotoka mpaka fundi alipokagua breki zote.

Rabia alifika nyumbani. Alimweleza Alima tisho la Kapya.

"Wakuite," Alima alisema, akitema mate chini. "Tutaenda sisi wote wawili."

Hawakuitwa. Kapya hakuomba radhi wala hakuadhibiwa, na aliendelea kuvaa beji yake. Lakini kule uwanjani hakuthubutu tena kumwita Asani mlevi, na Rabia, kila alipomwona akipita mjini, alimkazia macho mpaka Kapya ndiye aliyegeuza uso.