Silva wa Mama Techera

"Weka saini hapa tu, doña Nélida," alisema Facundo, injinia aliyeletwa kutoka Montevideo, akiisukuma karatasi hadi ikagusa kibuyu cha Nélida cha chai chungu. Karatasi ilisema kwamba programu ya benki ya damu ya hospitali, aliyoiandika Nélida kwa lugha ya kompyuta ya COBOL na kuitunza miaka thelathini na mmoja, si salama. Bila saini ya mtunzaji isingeweza kuzimwa, na mkurugenzi aliitaka kabla ya saa kumi alasiri.

Nélida aliuliza mwizi ataingilia wapi. Kompyuta ile haikuwa na mtandao wowote wa nje, na ufunguo wa chumba aliuvaa shingoni. Facundo, ambaye hakuwa amesoma hata mstari mmoja wa programu hiyo, alijibu kwamba lugha yenyewe ni kongwe. Kongwe, kana kwamba uzee ni ufa!

Hapo akaingia Mirta, muuguzi wa wodi ya upasuaji, akihema. Alitaka damu ya Washington Silva, haraka. Facundo akafungua mfumo mpya, ulionunuliwa ng'ambo kwa mbwembwe nyingi.

"Kundi A," akasema.

"Silva yupi?" Nélida aliuliza. "Mama yake nani?"

Mfumo ule ulikuwa na nafasi ya jina moja tu la ukoo, la baba, kama ilivyo huko ulikotengenezwa. La mama, ambalo hapa kila mtu hulibeba baada ya la baba, ulilitupa. Na huu ni mji wa mpakani, akina Silva wamejaa tele, na kila nyumba ya tatu ina Washington wake.

Nélida alikuwa ameshaandika jina kwenye kompyuta yake ya zamani. Skrini nyeusi ikatoa watu wawili: Silva Olivera, kundi A. Silva Techera, kundi O.

"Wangu ni Techera," Mirta alisema polepole. "Ningemtundikia A. Ningemuua."

Alikimbia na chupa za O. Mkurugenzi alipoelezwa kwa simu, alisema kasoro hiyo ndogo itarekebishwa Jumatatu, lakini saini aipate leo leo.

"Kijana, mwambie mimi uongo sisaini," Nélida alisema. "Akitaka kunifukuza, anajua nilipo."

Akaitia karatasi mfukoni, akafunga chumba, akapanda ngazi hadi wodini, ambako hakuwahi kukanyaga miaka yote hiyo. Damu ilikuwa ikidondoka taratibu ndani ya mrija. Kando ya kitanda, bibi mmoja mwenye sweta la kijivu aliinua macho.

"Wewe ndiye daktari?"

"Hapana, mama. Wewe ndiye Techera?"

Bibi alishangaa, akaitikia kwa kichwa, kisha akasogea kumpa nafasi kwenye benchi. Saa kumi iliwapita wakiwa wameketi hapo, wakiutazama mrija.