Klachi Iliyoungulia Langoni

"Usipolipa klachi, kesho uhame nyumba ya mama," mwanangu alimwambia mkwe wangu mbele ya fundi. "Na dada yangu umchukue."

Nilikuwa nimekaa juu ya tairi kuukuu, mkoba mapajani. Binti yangu ana mimba ya miezi minane, na tangu ugomvi huu uanze nyumbani, alikuwa ameshaanza kufunga mabegi.

Gari ni moja, la marehemu mume wangu. Mwanangu analiendesha asubuhi, mkwe wangu jioni. Siku hiyo lilikuwa juu ya mawe, tumbo wazi, na fundi ameshika sahani ya klachi, nyeusi kama ukoko wa sufuria. Ilinuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati.

"Hii imeunguzwa na mguu wa dereva," fundi alisema.

"Si huyu shemeji!" mwanangu akadakia. "Anakanyaga kama anaponda kokoto."

"Na wewe unayeendesha kama umeliiba? Sitoi hata senti."

"Utatoa! Unakula kwa mama, unalala kwa mama, na gari umeliua!"

Mkwe wangu akaokota spana. Fundi akampokonya. "Hapa gereji, si ulingoni."

Lango letu liko juu ya mwinuko mkali. Mimi ndiye mfunguaji: kufuli mbili, mnyororo, kisha jiwe nalisukuma kwa mguu. Vidole vyangu vizito siku hizi. Gari hubaki pale linanguruma, haliendi mbele wala halirudi nyuma.

Nikawauliza, "Mkinisubiri langoni, gari mnalizuia na nini?"

"Klachi," alisema mwanangu.

"Klachi," alisema mkwe wangu. "Mzee alitufundisha hivyo. Breki ya mkono tuitunze, isije ikakatika."

Fundi alicheka mpaka akashika kiuno. "Mmeitunza kweli, mpya kabisa! Nusu klachi mlimani kila siku, isiungue kwa nini?"

"Kosa ni la aliyewafundisha. Mtalipa nusu kwa nusu," nikasema. "Na habari ya kuhama nisiisikie tena."

"Mama, unamsingizia baba aliye kaburini?" mwanangu akauliza.

"Nimeishi naye miaka arobaini. Toa pesa."

Walitoa, kila mtu kwa mkono wake, wamepeana migongo.

Jioni ya Jumamosi mkwe wangu alirudi na gari. Nilikuwa kwenye kufuli ya pili niliposikia breki ya mkono ikivutwa, krrr. Alikuwa amenuna, hata salamu hakunipa. Nikafungua taratibu vilevile. Ndani, binti yangu alikuwa anarudisha nguo za mtoto kabatini.