Duara la Buluu Kwenye Nyanda Kavu

Mwaka 1974 Filomena alikuwa mchoraji katika ofisi ndogo ya ramani pale Kinondoni. Mezani kwake kulikuwa na ramani ya nyanda za juu za bara, nchi kame ambako mvua ikikosa hata miiba hunyauka. Kijiji cha Ujamaa kilikuwa kianzishwe huko, na ramani ndiyo ingeonyesha maji yalipo.

Adelard, mpima aliyezunguka nyanda zile kwa miguu, alikuwa ndiyo kwanza amerudi, midomo imempasuka kwa upepo. Akainama juu ya rasimu, akaweka kidole kwenye duara la chemchemi chini ya kilima.

"Hili usilitie wino bado," alimwambia Filomena. "Maji haya niliyaona masika. Kiangazi sijayaona."

Mkuu wao, Ndugu Pyarali, aliona ni kupoteza muda. Picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege zilionyesha majani mahali pale, na wakubwa walikuwa wakiisubiri ramani. Adelard hakubishana naye. Aliomba ruhusa tu, akaenda Buguruni kudandia lori la mizigo la kumrudisha nyandani, vyombo vyake vya kupimia begani.

Huku nyuma Filomena aliendelea kuchora vilima. Kila mstari ulipojikunja alijua kuna mtu aliyepanda na kushuka pale juani, na heshima yake kwa Adelard ikazidi.

Adelard alirudi amekonda, anachechemea, na chupa mbili za maji mfukoni. Pyarali akaonja ya kwanza, akatema. Chumvi tupu.

"Hayo ndiyo ya kwenye duara, kiangazi," Adelard alisema.

Ya pili ilikuwa tamu. Akina mama wachungaji walikuwa wamempeleka ng'ambo ya kilima, kwenye ufa wa mwamba wanakoteka mwaka mzima.

"Ungenisikiliza mie," Pyarali alisema, "tungewapeleka watu kwenye chumvi."

Filomena akafuta duara la zamani. Adelard akamwonyesha mwamba ulipo, naye akalitia jipya wino wa buluu.

Kijiji kikajengwa ng'ambo ile ya kilima. Wakati huo Adelard alikwishapelekwa kupima nchi nyingine kavu, na Filomena alikuwa ameomba rasmi kwamba michoro yote ya mpima yule iletwe mezani kwake.