Mzee Asiyeitikia

Mwanza nzima, kuanzia Igogo mpaka Ilemela, hakuna aliyeujua mpira wa magongo wa kwenye barafu kumshinda Kashindye. Ni kweli pia kwamba hakuna aliyeshindana naye, na barafu pekee aliyowahi kuishika ni ile ya kufungia sangara, ambayo aliiachia haraka akaapa kwamba imemng'ata. Lakini mjukuu anayelipwa mshahara kwa kuteleza alikuwa naye yeye tu, basi akikaa kwenye benchi nje ya duka la binti yake Tereza pale Buzuruga, watu walisogea kusikiliza.

Mjukuu aliitwa Shimba. Mama yake, Hellen, dada mkubwa wa Tereza, alikwenda Finland kufanya kazi ya uuguzi akamchukua mtoto akiwa na miaka saba, na huko watoto hufungwa viatu vyenye makali ya chuma kabla hawajajua kujifuta kamasi. Shimba akakua, akapanuka mabega, na alipofika miaka ishirini timu moja ya huko kaskazini ikampa mkataba. Jina hilo lilikuwa la babu yake, marehemu mume wa Kashindye, aliyepasua mabonge ya barafu pale mwaloni Igogo, wanakoshusha samaki, kwa miaka thelathini, amevaa koti la kaki na mabuti meusi ya mpira. Kashindye alimwita mjukuu "mume wangu", kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wa kiume, ila yeye aliona kwamba kwa jina lile ana haki zaidi ya wenzake.

Siku aliposaini mkataba, Shimba alipiga simu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mume wangu. Umeshaniletea mke mwenza?"

"Bado, Bibi. Sikiliza. Mama anasema mtu aliyerithi jina haanzi kazi kubwa kabla mwenye jina hajaambiwa. Naomba uende kaburini kwa babu, ummwagie pombe, umwambie nimeanza."

"Hilo tu? Kesho asubuhi."

Na kesho yake asubuhi alikwenda kweli, hakuna wa kumsingizia. Alibeba dumu la pombe ya mtama, akaanza kuupanda mlima wa makaburini. Njia ile ni mawe matupu, na magoti ya Kashindye yalikuwa na umri uleule wa Kashindye. Katikati ya mlima akaketi kwenye mwamba apumzike. Ziwa lilikuwa chini pale, linang'aa. Akafungua dumu aonje, asije akampelekea marehemu kitu kilichochacha. Haikuwa imechacha. Akaonja tena kuhakikisha. Jua lilipofika utosini dumu lilikuwa jepesi, na Kashindye alishuka mlima akiimba.

"Nimemwaga," akamwambia mjukuu kwenye simu. "Dumu zima. Babu yako amefurahi mpaka amebeua."

Huo ndio uongo wenyewe. Haukuwa mkubwa kuliko mwingine aliowahi kuusema, na angeusahau kabisa kama siyo zile video.

Tereza alikuwa akimwonyesha mama yake mechi za Shimba kwenye simu, mchana, wateja wakipungua. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Kijana alikuwa winga, mwepesi, anapita katikati ya majitu yale kama panya kwenye ghala la mpunga. Mwaka wa pili, siku moja, Shimba akachukua kile kisahani cheusi wanachokigombania, akachomoka peke yake, mbele hakuna mtu isipokuwa kipa. Kisha akafunga breki ghafla. Akasimama pale katikati ya barafu, kichwa ameinamisha. Mpinzani akamjia kwa nyuma akambamiza ukutani.

"Jamani!" Tereza akapiga ukelele. "Kasimama kufanya nini?"

Kashindye aliisogelea simu. Alikuwa amemwona mtu. Pale mbele ya Shimba, juu ya barafu nyeupe, alisimama mzee mwenye koti la kaki na mabuti ya mpira, mikono nyuma. Hakuteleza hata kidogo, maana barafu aliizoea.

"Irudishe nyuma hiyo," alisema Kashindye. Tereza akairudisha. Mzee alikuwepo. "Huyo mzee ni nani?"

"Mzee gani, mama? Hapo kuna Shimba na kipa."

Tangu siku hiyo miwani yake ilipotea mara nyingi sana, hasa video zilipoingia. Haikusaidia. Aliyekuwa ndani ya simu alianza kutoka. Alikuwa akifua uani, akasikia mabuti yakikanyaga maji nyuma yake, bwata, bwata, na chini ni pakavu, hakuna aliyemwaga kitu. Akipita karibu na ndoo ya barafu ya muuza samaki, alisikia ubaridi wa mtu aliyemsogelea. Mzee hakumkemea, wala hakumtazama vibaya. Alisimama tu, kama mtu aliyeahidiwa habari na bado anaisubiri. Kashindye angeona nafuu kama angetukanwa.

Mwaka wa tatu Shimba mwenyewe alisema.

"Bibi, nikipata nafasi ya kufunga, anasimama mzee mbele yangu. Nakwenda kasi ya gari. Siwezi kumgonga mtu mzima, Bibi. Nafunga breki, namwamkia. Wenzangu sasa wananiita Shikamoo. Uwanja mzima unaimba hivyo, wanadhani ndiyo jina la kwetu."

"Na yeye anasema nini?" Kashindye aliuliza.

"Haitikii. Namwambia shikamoo, ananyamaza. Kisha wananigonga. Wamenipima macho, wamenipima kichwa, hawakuona kitu. Kocha amesema nikirudi mwezi wa nane nikiwa bado hivi, mkataba hakuna." Akashusha sauti. "Bibi, ulimwambia kweli?"

Hapo alipewa mlango wazi kabisa. Kashindye aliutazama, akaufunga.

"Mume wangu, nikudanganye kwamba nilimwaga pombe? Kwani niliinywa?"

Akacheka. Shimba naye akacheka, na hilo lilimchoma zaidi.

Mwezi wa tano akaja mwenyewe. Alishuka pale nyumbani, kovu kwenye nyusi, meno mawili ya mbele hayapo, watoto wa mtaa wanamfuata. Hakutaka kulala wala kula.

"Nataka unipeleke pale ulipommwagia. Nitasimama palepale, nimwambie kwa mdomo wangu."

"Magoti yangu, mjukuu wangu."

"Nitakubeba."

"Jua kali."

"Mama mdogo atatupa mwavuli."

Kwa hiyo Kashindye aliupanda mlima wa makaburini mgongoni mwa mchezaji wa kulipwa, ameshika mwavuli, na waliokutana nao njiani walishindwa wasalimie au wacheke. Yeye alitania njia nzima. "Babu yako hakuwahi kunibeba hivi hata siku ya harusi." Lakini walipoupita ule mwamba alioketi na dumu, akasikia nyuma yao hatua za mtu wa tatu. Bwata, bwata, juu ya mawe makavu. Hakugeuka. Mjukuu alikuwa akihema chini yake, na moyo wake ulipiga kwenye goti la bibi kama mtu anayebisha hodi.

Mwambie, alijiambia. Mwambie sasa, bado hamjafika. Akafungua mdomo.

"Bibi, unajua kwa nini nilikuomba wewe na si mama mdogo?" Shimba alisema. "Yeye angesahau. Wewe nilijua utapanda."

Kashindye akafunga mdomo.

Juu makaburi yalikuwa yameongezeka. Alikumbuka mazishi: msalaba wa mbao, karibu na jiwe kubwa. Sasa alitazama, na kila kaburi lilikuwa karibu na jiwe kubwa, maana mlima wote ulikuwa mawe makubwa. Miaka kumi na minne hakukanyaga pale. Akashushwa chini, akajishika kiuno, akajifanya anavuta pumzi huku macho yakitafuta. Hatua za nyuma zilikuwa zimenyamaza.

"Hapa," alisema, akaelekeza kwenye kaburi lenye msalaba wa mbao. Alipiga magoti kabisa, ili ionekane. "Hapa hapa ndipo nilipopiga magoti siku ile. Nikamwaga huku kichwani, taratibu. Nikamwambia, mume wangu, Shimba mdogo ameanza kazi, mwangalie. Udongo ukanywa wote. Hata hili jani lililoota hapa, ni kwa ile pombe."

Shimba alivua kofia. Akainama kuufuta msalaba vumbi kwa kiganja, akaanza kusoma polepole, kama mtu aliyejifunza kusoma kwa lugha nyingine. Midomo yake ikasimama. Akasoma tena.

"Bibi."

"Mwambie tu, mume wangu. Anasikia."

"Ulipanda huku lini?"

"Si nilikwambia? Ile wiki uliyosaini. Miaka mitatu sasa."

"Bibi, huyu ni Bernadeta." Alimgeukia, macho yamejaa machozi. "Amezikwa mwaka jana."