Asubuhi Kengele Ilipokosa Kulia

Historia itasema taifa letu la Marekani liligawanyika kwa ajili ya utumwa, na itasema kweli. Lakini shuleni kwetu, Maryland, liligawanyika kwanza juu ya asali ya miwa. Wavulana wa majimbo ya Kusini, waliotetea utumwa, walihamia meza ya dirishani wakaondoka na mtungi. Sisi wengine tukatafuna mkate mkavu wa mahindi kwa uzalendo mkubwa. Halafu gazeti likaleta habari kwamba huko Charleston, Kusini, wameipiga mizinga ngome ya serikali. Siku hiyo hata chumvi hatukupitishiana.

Mimi ni Lem Tolliver, miaka kumi na sita, mwenye historia ya adhabu ambayo mwalimu mkuu, Dokta Pruitt, huisoma kwa sauti ya mazikoni. Nililala chumba kimoja na rafiki yangu Landon Ashby wa South Carolina. Landon alikuja shuleni na masanduku, bunduki na mtu. Mtu huyo aliitwa Josiah, na alikuwa mali ya baba yake Landon. Pale mjini Josiah alimwoa Dorcas, dobi, mwanamke huru. Sasa baba mtu alikuwa ametuma telegramu: Landon arudi nyumbani kwa treni ya Jumatano saa sita mchana, na Josiah arudi naye.

Jumanne Josiah alinikuta nyuma ya chumba cha kufulia.

"Bwana Lem, wanasema wewe ndiye uliyempandisha ng'ombe wa Dokta darasani."

"Maneno ya watu hayo. Ng'ombe alipanda mwenyewe. Ana hamu ya elimu."

Kwa kawaida angecheka. "Kile chuma kinachoning'inia ndani ya kengele, kikipotea, nani atatengeneza kingine?"

"Mhunzi wa Millstone, njia ya Pennsylvania."

"Na lazima mtu atumwe." Alitazama nyuma, akashusha sauti. "Nikikanyaga barabara bila karatasi ya mzungu, yeyote atanikamata. Nikiwa nayo, mimi ni mtu aliyetumwa tu. Kutoka kwa mhunzi hadi mpakani si mbali, na ng'ambo hakuna utumwa. Dorcas atanitangulia na mkokoteni wa nguo."

"Wakikufuata ng'ambo? Sheria inawaruhusu."

"Mwezi uliopita ningeogopa. Wiki hii, baada ya mizinga ya Charleston, nitajie mtu mmoja wa Pennsylvania atakayemsaidia Ashby kumfunga mtu kamba." Akaipindapinda kofia yake. "Nikipanda treni ile, sitamwona mke wangu tena. Ni hilo tu."

Jioni, wakati wa sala, tumbo langu liliuma kwa namna ya kusikitisha, nikaruhusiwa kutoka. Nilipanda mnara wa kengele, nikakifungua kile chuma, nikakizamisha katika pipa la asali ya miwa stoo. Nilijiona jenerali.

Asubuhi kengele haikulia na shule nzima ikalala kama watoto wachanga. Dokta Pruitt alitokea uani na soksi moja.

"Shule isiyo na kengele," alinguruma, "ni genge!"

Akaagiza wino, akaandika karatasi ya ruhusa, kisha akatazama huku na huku. Josiah alikuwa amekwisha kusimama mbele, kofia mkononi.

"Ashby, niazime mtu wako aende kwa mhunzi."

"Samahani, Dokta," Landon akasema. "Leo tunasafiri. Sitaki aende mbali."

Josiah hakuinua macho. Mwaka mzima Landon alikuwa ametuhubiria jinsi watumwa wao wanavyowapenda, na sikujua silaha nyingine.

"Mwacheni jamani!" nikapaza sauti. "Ashby anaogopa mtu wake hatarudi! Kumbe mapenzi yale ni ya mnyororo!"

Meza yetu yote, ingawa ilikuwa imesimama uani, ilicheka. Landon akawa mwekundu hadi masikioni.

"Josiah?" akasema. "Josiah angekufa kwa ajili yangu. Nenda, Josiah. Uwahi kurudi."

"Ndiyo, bwana mdogo."

Aliichukua karatasi, akatoka getini kwa mwendo wa kawaida kabisa. Nilitamani akimbie, na nilitamani asikimbie.

Tukaenda kunywa chai. Mtungi wa Kusini ulikuwa umekwisha, kwa hiyo Crump, bonge la mvulana kutoka Georgia, akaenda stoo kuujaza. Hapo ndipo ujenerali wangu ulipoishia. Alirudi amekumbatia kile chuma, kinadondosha asali hadi kwenye viatu vyake.

"Nimevua samaki!"

Bwalo zima lilicheka, Kusini na Kaskazini pamoja, kwa mara ya kwanza tangu msimu wa baridi. Mimi sikuweza. Landon alikuwa akilamba kidole; akaacha ghafla.

"Basi mhunzi wa nini? Crump, tuombe farasi. Tutamrudisha njiani."

Chuma kilirudishwa, kengele ikalia kwa sauti ya mtu mwenye mafua. Tukaingia somo la Kilatini. Niliulizwa swali, nikajibu kwamba ndiyo, nikachapwa, na sikusikia fimbo. Nilikuwa nikisikiliza kwato. Kila gari la maziwa lilinifanya nigeukie dirisha.

Walirudi na matope hadi tumboni mwa farasi. Wawili. Kamba ilining'inia kwenye tandiko la Crump, bado imekunjwa.

Chumbani Landon alikuwa ameketi kitandani.

"Mhunzi hakumwona; lazima alikata msituni," akasema. "Mpakani tuliwakuta wakulima wenye bunduki. Wakauliza natafuta nini. Nikasema, mtu wangu. Wakacheka, Lem." Akanikazia macho. "Ulijua?"

Ningeweza kusema uongo, nina kipaji. "Nilijua."

Alinyanyuka. Nilingoja ngumi. Badala yake akavuta sanduku, akahangaika na mikanda yake, akauingiza mmoja kwenye kifungo kisicho chake, akatukana.

"Shika upande ule," akasema.

Tulilibeba hadi stesheni, yeye mbele, mimi nyuma. Treni ilikuwa imejaa vijana wa Kusini waliokuwa wakienda vitani, wakiimba. Alipanda, akalivuta sanduku mwenyewe.

"Jitunze, Landon," nikasema.

"Jitunze wewe," akajibu dirishani. "Sisi tunakuja huku."